Jakuzi likiharibika Bujumbura: namna ya kudai garanti kwa muuzaji aliye ng'ambo

Sanduku la mbao limetoka kiwandani Guangzhou, China, likashushwa bandari ya Dar es Salaam, likapandishwa lori hadi Kabanga, likavuka Kobero na hatimaye kufika Bujumbura. Ndani yake mna jakuzi, lile beseni kubwa la maji ya moto lenye pampu na hita, lililoagizwa na mwenye nyumba ya wageni kando ya Ziwa Tanganyika. Mwezi wa pili tangu lifungwe, hita inakata. Wageni waliolipia chumba chenye jakuzi wanadai warudishiwe pesa zao.

Mwenye nyumba anafungua droo na kutoa karatasi ya garanti. Imeandikwa miaka miwili. Anapoisoma hadi mwisho, kwa mara ya kwanza, anakuta kwamba kiwanda kimeahidi kutoa vipuri tu. Fundi ni juu yake, nauli ni juu yake, na miaka miwili ilianza kuhesabiwa siku mzigo ulipotoka kiwandani, si siku ulipofika Bujumbura.

Mfano huu si wa mtu mmoja. Badala ya jakuzi weka jenereta, friji la duka la nyama au mashine ya kusaga, hadithi ni ile ile. Tofauti ni kwamba jakuzi la watu watano au sita lina uzito wa kilo mia kadhaa likiwa tupu, na hakuna anayefikiria kulirudisha Guangzhou. Ndiyo maana ni mfano mzuri wa kueleza haki za mnunuzi aliye mbali na bahari.

Jambo la kwanza ni kutenganisha vitu viwili ambavyo wengi huvichanganya. Garanti ya kiwanda ni ahadi ya hiari, na aliyeiandika ndiye aliyechagua mipaka yake. Wajibu wa muuzaji kukabidhi kitu kizima ni jambo jingine, nao unatokana na sheria na mkataba wa mauzo. Garanti inaweza kuwa finyu huku wajibu wa muuzaji ukiwa mpana. Kwa hiyo barua ya malalamiko iende kwanza kwa yule uliyemlipa, na nakala kwa kiwanda.

Je, ni sheria ipi? Ikiwa umenunua dukani hapa hapa Bujumbura, sheria ya mikataba iliyorithiwa enzi za ukoloni, ile ya tarehe 30 Julai 1888, inamtaka muuzaji awajibike kwa kasoro iliyojificha, yaani ile ambayo mnunuzi hakuweza kuiona wakati wa kununua na inayokifanya kitu kisifae kwa kazi yake. Mnunuzi anaweza kurudisha kitu na kudai pesa yake, au kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Lakini anatakiwa afungue madai yake ndani ya muda mfupi. Sheria haikutaja idadi ya siku, na anayekaa miezi sita akimbembeleza muuzaji kwa simu anaweza kuambiwa amechelewa.

Ikiwa umenunua moja kwa moja kutoka China, kuna chombo ambacho wafanyabiashara wengi wa hapa hawakijui. Ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauzo ya bidhaa ya kimataifa, uliopitishwa Vienna mwaka 1980. China imo tangu ulipoanza kutumika mwaka 1988. Burundi ilijiunga mwaka 1998 na mkataba ukaanza kutumika kwake mwaka 1999. Uganda imo pia, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga mwaka 2014. Tanzania na Kenya hazimo, kwa hiyo aliyenunua Kariakoo asiutegemee. Yeye kwa kawaida atashika sheria ya Tanzania ya uuzaji wa bidhaa, ambayo nayo inadai kitu kiwe na ubora unaofaa.

Mkataba wa Vienna unampa mnunuzi haki ya kudai kasoro itengenezwe, kudai bei ipunguzwe hata kama alishalipa yote, na kudai fidia ya hasara. Hapo ndipo nauli ya kipuri na malipo ya fundi vinapoweza kurudishwa kwa muuzaji. Lakini una masharti mawili ya kuangalia. Kwanza, hauhusu kitu kilichonunuliwa kwa matumizi ya nyumbani. Jakuzi la nyumba ya wageni limo, jakuzi la bustanini kwako halimo. Pili, pande mbili zinaweza kukubaliana usitumike, na wauzaji wengi huweka sentensi hiyo kwa herufi ndogo nyuma ya ankara. Isome kabla ya kulipa.

Mkataba huo pia unataka mnunuzi akague mzigo mapema iwezekanavyo na kumwarifu muuzaji kasoro ndani ya muda unaofaa tangu aione, akieleza ni kasoro gani. Mwisho kabisa ni miaka miwili tangu mali ikabidhiwe, isipokuwa kama garanti yenyewe inasema vingine. Asiyetoa taarifa kwa wakati anaweza kupoteza haki hata kama kasoro iko wazi. "Haifanyi kazi" haitoshi. Taja namba ya kifaa, siku kasoro ilipotokea, maandishi ya hitilafu yanayoonekana kwenye kibao, na uambatanishe picha na video.

Sasa tuje kwenye majibu utakayopewa, kwa sababu hapa ndipo madai mengi hufia.

Jibu la kwanza ni umeme. Burundi inatumia volti 220 na hezi 50. Jakuzi lililotengenezwa kwa soko la Marekani ni la hezi 60, na pampu yake ikiunganishwa hapa inazunguka polepole kwa takriban moja ya sita na inapata joto. Kiwanda kitakataa, na kwa kweli kitakuwa na haki, labda kama uliagiza la hezi 50 kwa maandishi ukaletewa jingine. Kisha kuna kukatika kwa umeme na kupanda na kushuka kwa volti, mambo ambayo garanti nyingi huyaondoa waziwazi. Stabilaiza iliyofungwa tangu siku ya kwanza, pamoja na risiti yake, ni ushahidi mzuri zaidi kuliko maelezo marefu.

Jibu la pili ni maji, na hili huwashangaza watu. Viwanda hutaka pH ya maji iwe kati ya 7.2 na 7.8. Maji ya Ziwa Tanganyika, ambako REGIDESO huchota maji ya jiji, yana pH inayokaribia 9 yakiwa ziwani, na yana madini yanayoganda kwenye hita kama yale magamba meupe ya ndani ya birika. Kiwanda kikiomba picha ya hita na kuona magamba, mazungumzo yamekwisha. Pima maji kabla ya kujaza, yarekebishe, na uandike vipimo vya kila wiki kwenye daftari lenye tarehe. Daftari la shule linatosha.

Jibu la tatu ni fundi: nani alifunga, nani alifungua? Usiruhusu mtu afungue pampu kabla muuzaji hajajibu kwa maandishi.

Tuseme muuzaji amekubali. Usidai jakuzi jipya, dai hita au pampu iletwe kwa ndege. Hapo jihadhari na neno "bure". Kipuri kisicholipiwa bado kina thamani mbele ya forodha, na OBR itadai ushuru unaohusika na TVA ya asilimia 18. Ankara ya "thamani sifuri" huchelewesha mzigo tu. Mwombe muuzaji aandike thamani halisi, aeleze kwamba ni kipuri cha badala chini ya garanti, na akubali mapema nani atalipa ushuru. Ikiwa ni kifaa chako kinachokwenda kutengenezwa nje na kurudi, wakala wako akitangaze forodha kabla hakijatoka, la sivyo kitarudi kikihesabiwa kama kipya.

Akikubali kupunguza bei, makubaliano yawe kwa dola. Mei 2023 Benki Kuu iliposhusha thamani ya faranga, dola moja iliruka kutoka takriban faranga 2,000 hadi zaidi ya 2,800 kwa kiwango rasmi. Aliyekuwa ameahidiwa faranga alipoteza sehemu kubwa ya fidia yake.

Na akikataa? Mahakama ya Biashara ya Bujumbura ipo, lakini hukumu yake haimtishi muuzaji asiye na mali hapa. Uamuzi wa usuluhishi husafiri vizuri zaidi: Burundi ilijiunga na Mkataba wa New York mwaka 2014, China imo tangu 1987 na Tanzania tangu 1964. Lakini hesabu ni hesabu. Kwa jakuzi la dola 5,000, gharama za wasuluhishi na mawakili zinaweza kumeza dai zima, na muuzaji analijua hilo.

Kwa hiyo nguvu ya mnunuzi iko kabla ya kulipa. Bakiza asilimia 10 ya bei hadi siku 30 baada ya jakuzi kuwashwa. Akikataa hilo, dai pampu moja na hita moja za akiba ziwekwe ndani ya sanduku lile lile tangu kiwandani, kwani nauli yake humo ni ndogo mno. Na garanti ianze kuhesabiwa siku mzigo unapokabidhiwa Bujumbura, jina la mji likiandikwa kwenye mkataba.