Na ya Kutolea

Kwa majirani zetu Wahaya, msimuliaji huanza kwa kusema amekuja akaona. Wasikilizaji humjibu: ona, nasi tuone. Basi nami nimekuja nikaona, na niliyoyaona yalitokea dukani Nkwenda, wilaya ya Kyerwa, jioni moja ya msimu wa kahawa.

Binti wa darasa la sita alitumwa na mama yake. Alishika simu ya mama, ile ya vitufe, imefungwa rababendi mgongoni ili betri isichomoke. Alitaka madaftari, sukari, mafuta ya kupikia na sabuni ya mche. Mwenye duka akabonyeza kikokotoo chake: shilingi 20,000.

"Shikamoo baba. Mama amesema nitume kwa simu."

"Marahaba. Tuma, mwanangu, ila uweke na ya kutolea."

Binti akasimama, kidole juu ya kitufe. Mama hakusema lolote kuhusu ya kutolea.

Tumwache hapo kidogo, hatapotea.

Ninyi mnaonisoma mmezaliwa mkaikuta M-Pesa. Iliingia Tanzania mwaka 2008, na kabla yake mtu wa Dar es Salaam akitaka kumtumia mama yake wa Kayanga fedha, alizitia kwenye bahasha akamkabidhi kondakta wa basi, kisha akaomba Mungu. Siku hizi ujumbe unafika kabla hujaiweka simu mfukoni. Lakini kilichofika ni tarakimu tu. Ukitaka noti ya kushika, unakwenda kwa wakala, na hapo mtandao unakukata. Kuna makato ya kutuma, ambayo yanamhusu anayetuma, na kuna makato ya kutoa, ambayo yanamhusu anayepokea; hayo ndiyo huitwa ya kutolea. Katika makato hayo kampuni ya simu inapata fungu lake, wakala kamisheni yake, Serikali kodi yake.

Mwenye duka naye ana shida ya kweli. Gari la mizigo likija kutoka Omurushaka na katoni za sabuni, wapakuaji wanadai noti. Mkulima aliyemletea maharage anadai noti. Kwa hiyo lazima atoe, na akitoa anakatwa. Ile faida yake kwenye kilo ya sukari ni nyembamba kama ganda la kitunguu. Makato yakipita juu yake, haibaki. Ndiyo maana anasema "weka na ya kutolea": wewe umechagua simu, basi wewe ubebe gharama ya simu.

Mjini jambo hili lina sura nyingine. Mtalii wa Arusha au Zanzibar akitoa kadi ya benki kulipia chumba, kuna hoteli zilizowahi kumwambia aongeze asilimia kadhaa, kwa sababu benki humkata mwenye hoteli kila kadi inapopitishwa kwenye mashine. Mashine ni tofauti, neno ni lile lile.

Tena jambo hili si geni kwetu. Zamani misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilikuja Karagwe na nguo, shanga na nyaya za shaba, ikatafuta pembe za ndovu. Njiani, kila penye mtawala mwenye nguvu, msafara ulisimamishwa ukalipa hongo. Siku hizo hongo haikuwa rushwa kama leo. Ilikuwa ushuru wa kupita, na ililipwa mchana kweupe, tena kwa mabishano ya siku kadhaa. Mwingereza John Speke alipopita mwaka 1860 na 1861 alinyonywa hongo njiani, Ugogo na Usui zikiwemo, akalalamika kurasa kwa kurasa. Alipoingia Karagwe akashangaa: mfalme wake, Mukama Rumanyika, hakumdai kitu. Zawadi alizipokea, hakuna mtawala anayekataa zawadi, lakini watoza ushuru hakuwa nao. Ndiye huyo ambaye jina lake mnaliona kwenye Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe.

Sasa nijibuni: mfanyabiashara aliyelipa hongo mara tano njiani, alipofika akatandaza nguo zake, hongo ile aliipeleka wapi? Aliishona ndani ya bei. Mnunuzi wa Karagwe alilipa hongo ya Ugogo bila kuiona Ugogo.

Hapo ndipo penye fumbo la mwenye duka wetu. Njia anazo mbili. Anaweza kumwambia kila anayelipa kwa simu aongeze, mwenye taslimu asiongeze. Au anaweza kunyamaza, akapandisha sukari kidogo kwa wote. Njia ya pili inapendeza masikioni kwa sababu hakuna anayeambiwa "ongeza". Ila bibi kizee aliyekuja na noti yake iliyokunjwa kwenye pindo la khanga, asiye na simu kabisa, anamlipia makato mtu mwenye simu. Mimi naona njia ya kwanza ni ya haki zaidi, hata kama inaudhi.

Katika Umoja wa Ulaya waliamua vingine. Mwaka 2015 waliziwekea kikomo ada ambazo benki ya duka hulipa benki ya mwenye kadi: asilimia 0.2 kwa kadi zinazokata akaunti papo hapo na 0.3 kwa kadi za mkopo. Kisha kuanzia 13 Januari 2018 wakakataza maduka kumwongezea mteja kwa sababu ametumia kadi hizo. Angalieni mpangilio wao: walikata kwanza ada yenyewe, ndipo wakamkataza mwenye duka kuisukuma kwa mteja. Ukimkataza muuza duka tu na kumwacha anayemkata, umemfunga kondoo ukamwacha chui.

Na sisi tuliwahi kuona ada ikipanda. Tarehe 15 Julai 2021 Serikali ilianza kutoza tozo ya miamala ya simu, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, juu ya makato ya kampuni. Kelele zilisikika nchi nzima. Septemba mwaka huo huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka 2022 kiwango cha juu kikashushwa hadi 4,000. Katika miezi ile ya mwanzo wengi walirudia noti mfukoni, maana ya kutolea ilikuwa imenenepa ghafla na hakuna muuza duka aliyekubali kuibeba yeye.

Turudi Nkwenda, maana sijawaambia kinachoniudhi.

Tufanye hesabu, na takwimu hizi ni za mfano tu. Tuseme kutoa 20,000 kunakatwa 1,500, na kutoa 200,000 kunakatwa 5,500. Makato hupanda kwa ngazi, na kadiri unavyotoa nyingi kwa mkupuo, ndivyo kila shilingi inavyokatwa kidogo. Siku hiyo wateja kumi wamelipa 20,000 kila mmoja, na kila mmoja ameweka 1,500 ya kutolea. Hiyo ni 15,000. Jioni mwenye duka anakwenda kwa wakala mara moja tu, anatoa 200,000, anakatwa 5,500. Zilizobaki 9,500 ni za nani?

Kuna baya zaidi. Siku nyingine hatoi kabisa. Msimu wa kahawa wakulima wanajaa kwa wakala, noti zinakwisha, wakala anajibu: "Floti ninayo, keshi sina," mpaka apande bodaboda kwenda kuitafuta. Mwenye duka anageuka na simu yake, anamlipa muuza jumla kwa simu. Na muuza jumla anamwambiaje? Mnajua. Fedha ile ile imelipiwa ya kutolea mara mbili, na hakuna noti hata moja iliyotoka.

Ipo Lipa Namba, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya biashara, na kulipa kwa namba hiyo ndani ya mtandao mmoja huwa nafuu kuliko kutuma kwa namba ya mtu. Maduka mengi yameibandika ukutani. Mengine yameibandika nyuma ya magunia.

Binti bado amesimama. Akamtazama mwenye duka.

"Baba, leo utazitoa?"

Mwenye duka akacheka, akakuna kichwa. "Leo? Leo nanunua umeme wa LUKU na kumlipa mtu wa soda."

"Kwa simu?"

"Kwa simu."

Binti hakusema neno jingine. Mwenye duka akamsukumia mfuko wa sukari. "Haya, tuma elfu ishirini tupu."

Akatuma, akasubiri ujumbe, akabeba mzigo akaenda zake. Nilibaki pale nikinywa soda. Wateja watatu waliomfuata walilipa kwa simu, na wote waliambiwa waweke na ya kutolea. Hakuna aliyeuliza. Waliweka.