Mzee anayekimbia safu ya mbele: Tezi dume na tiba yake

Leo safu yetu inazungumza na wazee wa kiume wa Mafia, pamoja na wake zao na watoto wao. Maradhi haya humshika baba, lakini nyumba nzima ndiyo inayokosa usingizi.

Aliyekulia Kilindoni, Kirongwe au Jibondo atakuwa amewahi kumwona mzee wa namna hii. Miaka yote alikuwa safu ya mbele, nyuma ya imamu. Kisha akaanza kurudi nyuma, karibu na mlango. Swala ikirefuka kidogo, anatoka. Tarawehe akaziacha. Mwishowe akawa anaswali nyumbani, na watu wakasema ni uzee. Ukimuuliza atakwambia miguu inauma. Ukweli ni kuwa mkojo unamdondoka, anaogopa kuchafua msikiti, na anaona haya kulisema jambo hili hata kwa mkewe.

Mzee huyu anaweza kutibiwa. Mara nyingi hahitaji hata kisu, bali vidonge. Lakini kwanza lazima aseme.

Tezi hii ni nini?

Tezi dume ni kiungo alichonacho kila mwanamume. Imekaa chini ya kibofu cha mkojo, mbele ya njia ya haja kubwa, na mrija wa mkojo unapita katikati yake kama uzi unavyopita kwenye ushanga. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji ya manii. Kwa kijana haizidi ndimu ndogo. Mtu akishavuka miaka 40 huanza kukua polepole, kwa sababu ya homoni za kiume alizonazo mwilini. Tishu zikichunguzwa, karibu nusu ya wanaume waliofika miaka 60 huonekana na ukuaji huu, na kwa waliovuka miaka 80 ni wengi zaidi sana. Kwa hiyo asijione mtu kuwa ameadhibiwa au amefanyiwa jambo na jirani.

Ushanga ukinenepa kwa ndani, tundu la uzi hubanwa. Hiyo ndiyo habari yote. Ajabu ni kwamba ukubwa wa tezi haulingani na taabu anayoipata mtu. Mwingine ana tezi kubwa na analala usiku kucha, na mwingine tezi yake imekua kidogo tu lakini imebana mrija.

Ukuaji huu si saratani na haugeuki kuwa saratani. Hata hivyo saratani ya tezi dume ipo, inaweza kumpata mtu yuleyule, na ikishakua hutoa dalili kama hizi hizi. Ndiyo maana kujitibu kwa kubahatisha ni hatari.

Maswali saba

Tangu mwaka 1992 madaktari duniani wamekuwa wakitumia maswali saba kupima uzito wa tatizo hili, na mzee anaweza kuyajibu akiwa nyumbani. Katika mwezi uliopita, ni mara ngapi baada ya kukojoa ulihisi kibofu hakijaisha? Ni mara ngapi ulirudi chooni kabla ya saa mbili kupita? Mkojo ulikatika ukaanza tena mara kadhaa? Ulishindwa kuuzuia ulipokushika? Ulitoka kwa unyonge? Ilikubidi ujikamue ndipo uanze? Na usiku uliamka mara ngapi? Kila swali lina alama 0 hadi 5. Jumla ya 7 au chini ni tatizo dogo, 8 hadi 19 ni la wastani, na 20 hadi 35 ni kubwa. Ukienda kwa daktari na majibu haya umeshamrahisishia nusu ya kazi.

Kwetu pwani kuna mchanganyiko wa majina unaowapoteza wengi. Mzee akipata shida ya mkojo huambiwa ana ngiri, akapewa dawa ya mizizi ya ngiri. Ngiri ni utumbo kupenya kwenye msuli dhaifu wa kinena. Anayejikamua kila siku kwa ajili ya tezi anaweza kweli kuishia na ngiri, lakini hapo ngiri ni matokeo. Busha ni maji yanayojaa kwenye mfuko wa korodani, na pwani yetu huletwa sana na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Mtu anaweza kuwa na busha na tezi kwa pamoja, na kupasuliwa busha hakutafungua mkojo. Halafu kuna kichocho, ambacho huleta damu kwenye mkojo. Na kuamka usiku mara nyingi kunaweza kuwa kisukari. Kwa hiyo kipimo cha mkojo na cha sukari havikwepeki.

Ipo dalili moja ambayo familia huielewa vibaya kuliko zote. Mzee anaanza kulowesha kitanda, na watu wanasema akili imerudi utotoni. Mara nyingi kibofu chake kimejaa siku nyingi bila maumivu, na kinachotoka ni kile kinachofurika, kama mtungi uliojaa chini ya bomba linalodondoka. Mkojo huo ukirudi nyuma huharibu figo kimyakimya. Huyu apelekwe hospitali wiki hiyohiyo, asifichwe chumba cha nyuma.

Udhu na swala

Wazee wengi wanaijua hadithi ya watu wawili walioadhibiwa makaburini, mmoja wao kwa kutojikinga na mkojo. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini hadithi hiyo inamhusu anayepuuza, na mgonjwa asiyeweza kuuzuia mkojo sheria imemwekea njia yake.

Tutofautishe watu wawili. Wa kwanza ni yule anayebakiwa na matone kwa dakika chache baada ya kukojoa, kisha yanakoma. Huyu asiharakishe. Achuchumae au akae, asubiri, akohoe, kisha abonyeze taratibu kwa vidole nyuma ya korodani na kusogeza mbele, ili mkojo uliobaki kwenye mrija utoke. Hiyo ndiyo istibraa, na madaktari nao hufundisha karibu vilevile. Kuvuta na kukamua kwa nguvu kunaumiza mrija na kunazaa wasiwasi. Kisha astanji na kutawadha. Aingie chooni mapema kabla ya adhana, badala ya wakati iqama inasomwa.

Wa pili ni yule ambaye matone hayakomi kwa muda wa kutosha kutawadha na kuswali. Huyu ndiye mwenye silisi ya mkojo. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu pwani, baada ya wakati wa swala kuingia atajisafisha, atajifunga kitambaa safi au pedi, atatawadha na kuswali bila kuchelewa. Kwa udhu huo ataswali faradhi moja, na sunna kadiri apendavyo. Kitakachotoka baada ya hapo, akiwa amejifunga sawasawa, hakimharibii swala. Wanazuoni wamelipima hili kwa hukumu ya mwanamke mwenye damu ya istihadha, aliyeelekezwa na Mtume (SAW) kutawadha kwa kila swala. Mwenye hali yenye utata zaidi amwone shekhe wake.

Kwa hiyo mzee ana nafasi yake msikitini. Na kamati za misikiti zinaweza kusaidia kwa jambo dogo: choo kiwe karibu, kiwe na taa, na kiwe na mahali pa kushikilia mtu anapoinuka.

Tiba huanzia wapi

Mwenye alama chache anaweza kuanza kwa kubadili mwenendo. Asiache kunywa maji. Wazee wengi hujikausha ili wasikojoe, wakapata choo kigumu kinachozidisha tatizo. Anywe mchana, apunguze saa mbili au tatu kabla ya kulala. Kahawa chungu ya barazani, raha yetu sisi watu wa pwani, huamsha kibofu, kwa hiyo ile ya baada ya Isha aiache. Mwezi wa Ramadhani asiyanywe maji yote kwa mkupuo wakati wa kulala. Anayetumia kidonge cha presha kinachoongeza mkojo amwulize daktari kama anaweza kukimeza asubuhi.

Kukaa au kuchuchumaa wakati wa kukojoa ni adabu tuliyofundishwa utotoni. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, walikusanya tafiti mbalimbali na kutoa matokeo mwaka 2014: wanaume wenye dalili hizi humaliza mkojo vizuri zaidi wakikaa kuliko wakisimama. Mzee ambaye magoti hayamruhusu kuchuchumaa atengenezewe kiti chenye tundu.

Jihadharini na dawa za mafua na mzio zinazonunuliwa dukani bila cheti. Nyingi hukaza shingo ya kibofu au kukilegeza kibofu chenyewe, na mwenye tezi anaweza kumeza vidonge viwili vya mafua jioni, akafungwa mkojo alfajiri.

Yasipotosha hayo, kuna aina mbili za vidonge. Aina ya kwanza hulegeza misuli ya tezi na shingo ya kibofu. Mojawapo ni tamsulosini. Nafuu huonekana ndani ya siku au wiki chache. Kasoro yake ni kushusha presha mtu anapoinuka ghafla, kwa hiyo mzee ainuke taratibu kutoka kwenye sijida, na siku za mwanzo aswali karibu na ukuta. Asiichanganye na dawa za kuongeza nguvu za kiume bila kumwambia daktari. Na kama anatarajia kupasuliwa mtoto wa jicho, amwambie mapema daktari wa macho kuwa anaitumia, kwani huathiri mboni wakati wa upasuaji.

Aina ya pili, kama finasteridi, huipunguza tezi yenyewe. Hutolewa zaidi kwa tezi kubwa, na inataka subira ya miezi sita hivi. Wengi huiacha mwezi wa pili wakisema haifanyi kazi. Inaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa kwa baadhi ya watu, na mke mjamzito asishike kidonge chake kilichovunjika. Pia hushusha karibu nusu kile kipimo cha damu cha saratani ya tezi, PSA, hivyo daktari ajue kuwa unaitumia kabla hajasoma majibu. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2003, wenye wanaume zaidi ya 3,000, ulionyesha kwamba kutumia aina zote mbili kwa pamoja kunazuia ugonjwa kuendelea kuliko kutumia moja peke yake.

Na miti shamba? Upo mti wa milimani uitwao kitaalamu Prunus africana, ambao gome lake lilipelekwa Ulaya na kufanywa dawa ya tezi. Tafiti zilionyesha nafuu ya kiasi. Lakini chupa inayouzwa sokoni bila jina wala kipimo huwezi kujua ina gome gani. Habbat sauda na hijama havijathibitishwa kuipunguza tezi. Anayetaka kuvitumia asivifanye badala ya kupima.

Kuhusu kipimo cha kidole, wazee wanakichukia na vijana wanakifanyia mzaha. Kinachukua muda mfupi, humwambia daktari kama tezi ni laini au ina uvimbe mgumu, na kipimo cha damu peke yake hakitoshi kukifuta. Kufunua sitara kwa tiba ni dharura inayokubalika.

Mkojo ukifunga

Hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi kwa watu wa visiwani. Mtu anataka kukojoa, tumbo la chini limejaa kama ngoma, maumivu yanamtoa jasho, na hakuna kinachotoka. Asinyweshwe maji wala dawa ya kusukuma mkojo, na tumbo lisikandwe. Apelekwe hospitali saa ileile, ikiwa ni usiku basi usiku. Hospitali ya Wilaya iko Kilindoni. Kwa aliyeko Chole, Juani au Jibondo maana yake ni chombo kwanza, kisha gari. Kwa hiyo mwenye alama za wastani na kuendelea asingoje kusi lichafue bahari. Aende kupima wakati bahari imetulia.

Hospitali atawekewa mpira wa mkojo na atapumua kwa dakika chache. Mpira huo una puto ndani ya kibofu: asiuvute wala kuutoa mwenyewe, atachanika. Mara nyingi hupewa dawa ya kulegeza tezi kwa siku kadhaa, kisha mpira hutolewa kuona kama mkojo utatoka wenyewe. Kwa wengi hutoka.

Ukishindikana, au figo zikiathirika, au damu ikirudiarudia, hapo ndipo upasuaji. Rufaa yetu Mkoa wa Pwani ni Tumbi, Kibaha, na juu yake Muhimbili, Dar es Salaam. Upasuaji wa njia ya mkojo hukwangua tezi bila kuchana tumbo. Tezi kubwa sana huenda ikahitaji kufunguliwa. Daktari amweleze mgonjwa mapema kuwa baadaye manii mara nyingi hurudi kibofuni badala ya kutoka nje. Nguvu za wengi hubaki, ila kupata mtoto huwa vigumu.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitaka wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Chukueni kitambulisho, pitieni serikali ya kijiji, na mtoto mmoja wa kiume amsindikize baba, kwani mambo mengine hatayasema mbele ya binti.

Aliyerudi nyumbani na mpira anauliza: nitaswali vipi? Amwage mfuko, ajisafishe, atawadhe baada ya wakati kuingia, aswali. Hukumu yake ni ya mwenye silisi. Wanazuoni wengi wa zama zetu wanamruhusu kuingia msikitini maadamu mfuko umefungwa vizuri na hauvuji. Aubane ndani ya kanzu, chini ya usawa wa kibofu, ili mkojo usirudi ndani. Anapokwenda sijida ahakikishe mrija haujajikunja.