UDONGO ULIOINGIWA NA SUMU YA MADINI



Safari hii tunapenda kueleza jambo moja: udongo ukiingiwa na sumu ya madini, unasafishwa namna gani? Taka za jikoni zinaoza, majani yanaungua. Lakini shaba, zebaki, na ile risasi ya ndani ya betri za motokari, haviozi wala haviishi. Kwa hiyo njia kubwa ni tatu: kuyaondoa madini, kuyavuta, ao kuyafunga.

Tutazame Lubumbashi. Tangu mwaka 1911 kiwanda cha kuyeyusha shaba kilitoa moshi wenye vumbi la shaba, zinki na risasi. Upepo uliupeleka upande wa Penga Penga. Miti ikakufa, nyasi zikakufa, mvua ikabeba udongo wa juu.

Kuondoa ni kuchimba udongo wote na kuupeleka pengine. Gharama ni kubwa, na sumu imehama tu. Kuvuta ni kupanda mimea yenye kunyonya madini, kisha kuikata na kuipeleka mbali. Hiyo ni kazi ya miaka mingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu kufunga. Walitia chokaa na mbolea ya kuoza, wakapanda nyasi na miti. Chokaa inapunguza ukali wa udongo, na shaba haiyeyuki tena sana ndani ya maji. Mbolea inaikamata, mizizi inashika udongo usipeperuke. Sumu ingali pale, lakini haitembei sana. Ndiyo maana pahali kama pale si pa kupanda lengalenga ya kula.

Na sisi wa Fizi? Kwetu wanachimba zahabu. Pahali wanapoikamata na zebaki, hiyo zebaki inabaki katika matope, inashuka mtoni, inaingia hata ndani ya samaki. Wengine wanafikiri wakiichoma imekwisha. Hapana! Inakuwa mvuke usioonekana, na aliye karibu anauvuta. Inaharibu ubongo, zaidi wa mtoto aliye tumboni.

Wengi wetu tuna kaka na wajomba wachimbaji. Tukienda likizo, tuwaambie kwa heshima: wasiichome nyumbani wala karibu na mama na watoto, wasimwage maji yake shambani ao mtoni. Mungu alitupa udongo huu tuulime na kuutunza, na ukisha kuharibika, kuuponya ni kazi ndefu sana.