Mlinzi wa Zamu Hutazama Wapi?

Alfajiri ya tarehe 8 Novemba, 2018, manowari ya Norway iitwayo Helge Ingstad ilikuwa ikielekea kusini, karibu na gati la mafuta la Sture. Muda mfupi kabla ya saa kumi, zamu ilibadilishana. Taa zilionekana mbele, nao waliopokea zamu wakazidhani ni za kitu kilichosimama penye gati. Kumbe zilikuwa za meli ya mafuta, Sola TS, ambayo sasa ilikwisha kuondoka, na mwanga wa taa za sitaha yake ulizififisha taa zake za safari. Meli hiyo iliwaita kwa redio wageuke kulia. Wakajibu kuwa hawawezi mpaka wakipite kile kitu. Punde zikagongana. Watu 137 waliokuwamo manowarini waliokoka wote, bali manowari yenyewe ikapotea.

Linalotushughulisha sisi ni hili: hawakulala wale. Walizitazama taa zile, tena kwa muda mrefu.

Wataalamu wa ubaharia huchunguza jambo hilo kwa kumvika mwongoza meli miwani yenye kamera ndogo. Nyingine hupiga picha za mboni, nyingine huelekea mbele. Picha zikioanishwa, hujulikana ni muda gani alitazama dirishani, muda gani rada, muda gani ramani ya umeme. Jeshi la Majini la Norway lenyewe lilikwisha kuitumia miwani hiyo, kabla ya ajali, katika manowari zake ndogo za kasi za aina ya Skjold. Tunaisifu, ila ina mpaka wake: huonyesha mahali jicho lilipotua, haionyeshi akili iliamini nini.

Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 zataka mlinzi awepo wakati wote, kwa kuona na kwa kusikia. Zasema pia kuwa chombo kinachokaribia bila kubadili upande kionekanapo ni cha hatari. Askari aliyelinda kizuizi cha barabarani usiku anaijua hali hiyo: taa ya gari isiyosogea kulia wala kushoto ndiyo inayomjia yeye. Kuitambua kwahitaji kutazama, kupima, kisha kutazama tena.

Na upande nao una maana. Juni 2017, manowari ya Marekani Fitzgerald iligongwa ubavu wa kulia karibu na Japani, wakafa mabaharia 7. Uchunguzi wa jeshi hilo ulionyesha kuwa ulinzi wa macho ulikuwa upande wa kushoto peke yake.