Kuchagua Kigari cha Mtoto Kilicho Salama

Katika familia nyingi zilizotoka Afrika Mashariki na Kongo, mtoto hubebwa kwa mbeleko, kanga au kitenge. Desturi hiyo ni njema, na hakuna sababu ya kuiacha maadamu uso wa mtoto uko wazi na anapumua bila kizuizi. Hata hivyo, wazazi wengi wanaohamia Marekani huhitaji pia kigari cha mtoto, kwa kuwa safari za kliniki, dukani na kituo cha basi huwa ndefu na mizigo huwa mingi. Madukani vimo vigari vya kila namna, vya kila rangi na kila bei. Kabla ya hayo yote, maswali mawili yatangulie: mtoto amefikia umri gani, na kigari kitapita wapi kila siku?

Umri wa mtoto

Mtoto mchanga hawezi kuimudu shingo yake. Akikalishwa wima, kichwa huinama, kidevu hugusa kifua, na njia ya hewa huweza kuziba kimya kimya bila yeye kulia. Kwa sababu hiyo, mtoto ambaye hajatimiza miezi 6 hivi anahitaji kigari ambacho kiti chake hulala kabisa, au chenye kitanda kidogo kinachopachikwa juu ya fremu. Vigari vyepesi vinavyokunjwa kama mwavuli kwa kawaida havilali hivyo. Humfaa mtoto anayeweza kukaa mwenyewe bila kuegemezwa.

Vipo pia vigari vinavyopachikwa kiti cha gari cha mtoto. Huo ni urahisi mkubwa kwa mzazi, lakini kiti cha gari kimeundwa kwa safari ya gari, si kwa usingizi mrefu. Mtoto akiwa amelala wakati wa kufika nyumbani, atolewe na alazwe chali juu ya godoro gumu lililo tambarare. Mzazi anayependa kukimbia na kigari asubiri mpaka mtoto apite miezi 6, na amuulize daktari wa mtoto kwanza.

Bei kubwa si kipimo cha usalama

Tangu tarehe 10 Septemba 2015, kila kigari kinachotengenezwa au kuingizwa nchini kwa ajili ya kuuzwa Marekani hulazimika kutimiza kanuni ya serikali ya shirikisho. Kanuni hiyo inasimamiwa na Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji, inayojulikana kwa herufi CPSC. Inahusu breki, mikanda, uthabiti wa kigari kisipinduke, na kufuli inayozuia kigari kisijikunje mtoto akiwa ndani. Kigari kipya cha bei nafuu kinabanwa na kanuni ile ile inayokibana cha bei ghali. Mara nyingi fedha ya ziada hununua kitambaa kizuri zaidi, magurudumu laini zaidi au jina la kampuni.

Ukaguzi kabla ya kununua

1. Mikanda. Iliyo bora hushika mahali patano: mabega mawili, nyonga mbili na katikati ya miguu. Mtoto asiyefungwa huweza kuteleza kuelekea miguuni, mwili ukapita na kichwa kikanaswa.

2. Breki. Zifungwe, kisha kigari kisukumwe kwa nguvu. Magurudumu yasizunguke.

3. Kufuli ya fremu. Kigari kikunjuliwe mpaka kufuli ijifunge, kisha mpini ubonyezwe chini. Kisilegee.

4. Bawaba na viungo. Vidole vya watoto vimewahi kukatwa na viungo vya vigari wakati wa kukunja. Viungo vilivyofunikwa ni bora zaidi, na mtoto awe mbali kila kigari kinapokunjwa au kukunjuliwa.

5. Uzito unaoruhusiwa. Lebo za Marekani huandikwa kwa pauni. Kilo 1 ni takriban pauni 2.2, hivyo kigari cha pauni 50 hubeba mtoto wa kilo 22 hadi 23.

Kigari kilichokwisha kutumika

Kupokea kigari kutoka kwa ndugu au jirani ni msaada wa thamani, lakini kikaguliwe kama kilivyokaguliwa cha dukani. Lebo yake huonyesha jina la mtengenezaji, namba ya modeli na tarehe ya kutengenezwa. Kilichotengenezwa kabla ya Septemba 2015 hakikubanwa na kanuni ya sasa, na ni heri kukiacha. Kisichokuwa na lebo, kilichopasuka fremu au kilichokatika mkanda kisitumike hata kidogo.

Namba ya modeli itazamwe katika tovuti ya cpsc.gov, au mzazi apige simu 1-800-638-2772, ili kujua kama kigari hicho kimetangazwa kuwa na hitilafu na kuondolewa sokoni. Ni kosa kisheria kuuza kigari cha namna hiyo.

Kigari kipya huja na kadi ya kujaza jina na anwani, isiyohitaji stempu. Wengi huitupa kwa hofu ya kutoa habari zao. Sheria hairuhusu mtengenezaji kuzitumia habari hizo kwa matangazo ya biashara. Hutumika kumjulisha mnunuzi hitilafu ikigunduliwa.

Nyumba na njia

Familia inayoishi ghorofa ya tatu pasipo lifti inahitaji kigari ambacho mtu mmoja anaweza kukikunja na kukibeba huku amemshika mtoto. Anayepanda basi aulize kanuni za mji wake, kwani baadhi ya mabasi hutaka kigari kikunjwe kabla ya kupanda. Hapo mbeleko husaidia, mtoto akabebwa na mikono ikabaki huru. Penye theluji au njia mbovu, magurudumu makubwa hupita kwa urahisi kuliko madogo. Kwa kigari cha watoto wawili, upana wa mlango wa nyumba upimwe kabla ya fedha kutolewa.

Matumizi ya kila siku

Mikanda ifungwe kila mara, hata kwa mwendo mfupi. Breki zifungwe kila kigari kinaposimama, na mtoto asiachwe peke yake humo. Katika kituo cha treni, kigari kikae sambamba na reli, kisielekezwe kwenye reli. Lifti itumike badala ya ngazi za umeme.

Mifuko isitundikwe kwenye mpini, kwa sababu uzito wake huweza kukipindua kigari pamoja na mtoto; iwekwe katika kikapu cha chini. Nyuzi, mikufu na hirizi zisiwe shingoni mwa mtoto anapokuwa ndani ya kigari.

Wazazi wengi hufunika kigari kwa kanga ili kumkinga mtoto na jua au na macho ya watu. Nia hiyo ni njema, lakini joto ndani hupanda upesi na hewa haipiti vizuri, hata kitambaa kikiwa chepesi. Paa la kigari na kivuli cha mti vyatosha. Mzazi aguse kifua au shingo ya mtoto mara kwa mara. Akiwa na jasho au ngozi yenye joto jingi, apunguziwe nguo na apelekwe penye ubaridi.

Mzazi mwenye swali amuulize muuguzi au daktari wa mtoto. Kliniki na hospitali zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho zina wajibu wa kumpatia mkalimani wa Kiswahili bila malipo.