MCHE WA KUBEBESHA: MNUNUZI WA DODOMA AULIZE SHINA

MNUNUZI wa miche ya michungwa ya kubebesha mjini Dodoma huuliza kwanza bei, kisha mti utazaa lini. Swali la kikonyo kimetoka mti gani, na kimebebeshwa juu ya shina gani, hulisikii mara nyingi. Ndilo lenye fedha ndani yake.

Machungwa ya hapa ni ya kuletewa. Mvua yetu ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, tena ya msimu mmoja, hivyo soko hutegemea mzigo wa Muheza na Morogoro. Lakini mji umekua tangu Serikali ianze kuhamia mwaka 2016, na mwenye kisima ana sababu ya kupiga hesabu ya shamba lake mwenyewe. Kwa nafasi ya meta 6 kwa 6, eka moja inaingia miti 110 hivi. Mti wa kubebesha huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, ilhali wa mbegu unaweza kupita miaka saba. Huo ni mtaji unaolala ardhini muda mrefu.

Muuzaji akikwambia mche wake haushambuliwi na wadudu kwa kuwa ni wa kubebesha, ondoka. Wakulima wa zabibu wa Makutupora na Hombolo huenda wamesikia jinsi mizabibu ya Ulaya ilivyookolewa karne ya 19 kwa kubebeshwa juu ya mizizi ya Kimarekani. Ni kweli, lakini mdudu yule alikuwa anakula mizizi. Adui wengi wa michungwa wako juu, kwenye majani na matunda, ambako shina la chini halina usemi mkubwa.

Hata hivyo usemi kidogo linao. Shina linalotumika sana nchini ni la mlimau wa ganda lenye mabaka. Linavumilia ukame na mchanga, sifa zinazoufaa uwanda wa kati. Tatizo ni kwamba mti wenye nguvu hivyo, ukimwagiliwa na kutiwa mbolea bila kipimo, huchipua ovyo, na chipukizi laini ndilo chakula cha vidukari.

Mdanzi ni hatari zaidi. Huko Argentina na Brazil, miaka ya 1930 na 1940, virusi vya tristeza vilivyosambazwa na vidukari viliua mamilioni ya michungwa iliyobebeshwa juu ya mdanzi. Kikonyo kilekile juu ya mlimau kilivumilia.

Aina ya kikonyo nayo ina hesabu yake. Chungwa lenye kitovu hupendwa sana na nondo anayetoboa matunda, wakati limau humkatalia. Valencia ya kuchelewa hukaa mtini muda mrefu, na kila wiki ya ziada ni nafasi kwa nzi wa matunda. Nzi wa kutoka Asia, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 kisha akaonekana hapa nchini, hupenda zaidi embe, lakini chungwa haliachi.

Jambo la kuogopesha kuliko yote ni ugonjwa wa matunda kubakia kijani. Hauna dawa. Huenezwa na sailidi, kijidudu kidogo kirukacho ambacho hutaga kwenye chipukizi changa tu. Sailidi wa Kiafrika hawezi joto kali na ukavu, jambo ambalo lingeipa Dodoma ahueni. Yule wa Asia anaweza joto, na taarifa ya kitaalamu iliyochapishwa mwaka 2016 ilimtaja Morogoro, kilomita 260 hivi kutoka hapa kwa barabara. Mbaya zaidi, ugonjwa husafiri pia ndani ya kikonyo. Mche unaopendeza machoni unaweza kuwa umeubeba.

Kwa hiyo nunua kwenye kitalu kinachoonyesha mti mama, chenye chandarua cha kuzuia wadudu, na kilichokaguliwa. Mche wa bei poa unaoshushwa kwenye gari bila karatasi ni bahati nasibu ya miaka minne.

Wanaonunua matunda yakiwa bado mtini wasitoe malipo ya awali kabla ya kupasua machache. Chungwa dogo lililopinda upande mmoja, kijani kitakoni na chungu mdomoni, ni dalili ya shamba lisilo na msimu mwingi mbele yake.