KODI INAYOZALIWA NA MAPATANO



Katika somo la informatiki wengi wanauliza: Namna gani programu mbili zilizoandikwa na watu wasiojuana, mumoja Goma na mwingine Ulaya, zinaweza kusikilizana bila kukosana? Tena, sababu gani siku hizi watu wanasema kwamba kompyuta yenyewe inaandika sehemu ya kazi hiyo? Tumeona vizuri tueleze jambo hili polepole. Magumu yake si makubwa kama majina yake.

1. API ni kitu gani?

Muwaze giche ya biro fulani. Mutu wa inje haingii ndani kufungua makabati. Anasimama kwenye giche, anatoa karatasi iliyojazwa, kiisha anangojea jibu. Kuna maulizo yanayokubaliwa pale, na mengine hapana. API ni giche ya namna hiyo, lakini wanaosimama mbele yake si watu, ni programu. Duka likitaka kulipwa kwa telefone, programu ya duka inakwenda kwenye giche ya kampuni ya telefone kwa njia ya intaneti. Inatoa karatasi yake: numero ya telefone, kiasi, na aina ya feza. Jibu linarudi: imekubaliwa, ao imekataliwa kwa sababu fulani.

Ile karatasi mara nyingi inaandikwa kwa namna inayoitwa JSON. Ni maandishi tu: jina la kisanduku, kiisha kitu kilichomo. Hapo njo magumu yanaanza. Numero ya telefone ya inchi yetu, tukiiandika bila 243, inaanza na 0. Kama mwandikaji wa programu anaihesabu kuwa hesabu, kompyuta itaona kwamba 0 ya mbele haina samani, nayo itaiondoa. Numero imekatwa kichwa! Ao tena: kiasi ni 5000. Ni 5000 ya nini? Sisi katika Kongo tunatumia franka na dola siku moja, katika soko moja. Anayesahau kutaja feza gani anaacha mulango wazi kwa hasara.

2. Mapatano yaliyoandikwa

Wenye giche wengi walizoea kuieleza kwa maneno marefu, kama barua. Mutu alisoma ile barua, kiisha akaandika kodi kwa mukono wake. (Tunaposema kodi hapa si kodi ya serikali, ni maandishi ambayo kompyuta inafuata.) Akikosea herufi moja katika jina la kisanduku, kosa halionekani leo. Linaonekana siku mukiristo wa watu anangojea feza zake na feza hazifiki.

Kwa hiyo watu walitafuta namna ya kuandika mapatano ambayo mutu anaweza kuyasoma na mashini vilevile. Wazo hilo si jipya. Katika miaka ya 1980 kampuni Sun Microsystems ya Marekani ilikuwa na programu iliyoitwa rpcgen, iliyosoma mapatano na kutoa kodi. Kwa API za intaneti za leo, mapatano yanayojulikana sana ni OpenAPI. Yalianza kwa jina Swagger. Aliyeyaanzisha ni Tony Tam, alipokuwa akifanya kazi Wordnik, kamusi ya Kiingereza ya kwenye intaneti, nayo yalitolewa kwa watu wote mwaka wa 2011. Mwaka wa 2015 yaliwekwa chini ya ulinzi wa Linux Foundation, ili yasiwe mali ya kampuni moja, na mwaka wa 2016 yalipewa jina OpenAPI. Chapa ya 3.0 ilitoka mwaka wa 2017, na 3.1 mwaka wa 2021.

Ndani ya faili hilo munakuta nini? Kwanza, njia zote za giche: hapa unaomba, hapa unatuma, hapa unafuta. Pili, kila karatasi na visanduku vyake. Tatu, kwa kila kisanduku, aina ya kitu kinachokubaliwa: maneno, hesabu kamili, hesabu yenye koma, ndiyo ao hapana, orodha ya vitu, ao kitu chenye visanduku vingine ndani. Ine, visanduku gani vinapashwa kujazwa, na gani vinaweza kuachwa.

3. Aina inalinda nini?

Kuna luga za programu zisizouliza aina mbele ya kazi. JavaScript, iliyozaliwa mwaka wa 1995, ni mojawapo. Ukiweka maneno pahali pa hesabu, itakuacha uende tu, na utajikwaa njiani. Kuna luga nyingine zinazouliza kwanza: "Hiki ni nini?" TypeScript, iliyotolewa na Microsoft mwaka wa 2012, ni JavaScript iliyoongezewa aina. Ukikosea, unaambiwa ungali unaandika, mbele hata programu haijaanza kutumika. Ni sawa mwalimu anayesahihisha kaye lako siku tatu mbele ya mutihani. Aibu ni kidogo, na faida ni kubwa.

Lakini munaona shida: Mutu akiandika zile aina kwa mukono, anaweza kukosea kuzinakili, na mulinzi mwenyewe atakuwa na macho mabaya. Basi, sababu gani mutu anakili kitu ambacho mashini inaweza kukisoma?

4. Kizalishaji kinafanya kazi namna gani?

Programu inayosoma mapatano na kuandika kodi tutaiita kizalishaji. Kazi yake iko na hatua ine:

a) Kinasoma faili la mapatano na kuangalia kama limeandikwa sawasawa. Kama limeharibika, kinakataa kuendelea.

b) Kinafuata marejeo. Katika mapatano, karatasi moja inaweza kusema: "Kwa anwani, angalia karatasi ya Anwani." Kizalishaji kinaunganisha yote.

c) Kinageuza kila karatasi kuwa aina ya luga iliyochaguliwa. Kisanduku cha maneno kinakuwa maneno, kisanduku kinachoweza kuachwa kinapewa alama ya kuonyesha hivyo. Kama mapatano yanasema feza ni CDF ao USD tu, kodi nayo inakubali hizo mbili tu, na neno lingine lolote linakataliwa.

d) Kinaandika pia kazi ndogo ndogo za kwenda kwenye giche, moja kwa kila ulizo. Mwandikaji wa programu anaita kazi ile kwa jina, bila kuhangaika na njia.

Vizalishaji viko vingi. OpenAPI Generator, iliyotokana na Swagger Codegen mwaka wa 2018, inaweza kutoa kodi katika luga nyingi sana: Java, Python, PHP, TypeScript na nyingine. Wenye giche kubwa nao wanafuata njia hii. GitHub, pahali ambapo waandikaji wa programu wengi wanaweka kazi zao, ilitangaza mapatano yake ya OpenAPI mwaka wa 2020, na aina ambazo watu wanatumia kwa kuongea nayo zinazalishwa kutoka humo.

5. Usisahihishe karatasi, sahihisha stensili

Sisi tunaotengeneza gazeti hili tunaweza kufahamu jambo hili kuliko wengine. Stensili ikiwa na kosa, kila karatasi inayotoka katika mashini iko na kosa lile lile. Ukichukua kalamu na kusahihisha karatasi moja, umesaidia musomaji mumoja. Kesho tukizungusha mashini tena, kosa linarudi.

Kodi iliyozalishwa ni karatasi, mapatano ni stensili. Mutu asiguse kodi ile kwa mukono, hata kama anaona kosa ndogo, maana siku kizalishaji kitakaporudia kazi, sahihisho lake litafutwa lote. Arudi kwenye mapatano, asahihishe pale, kiisha azalishe upya. Na hapo anapata faida nyingine. Tuseme kisanduku "numero" kimepewa jina jipya. Akizalisha upya, luga yenye aina inamuonyesha kila pahali ambapo programu yake inatumia jina la zamani. Kumbe, kazi ya kutafuta siku mbili inakuwa kazi ya nusu saa!

6. Pahali ambapo mulinzi halindi

Tusidanganyane. Njia hii iko na mipaka, na anayeisifu bila kuitaja hajaijua.

Kwanza, aina za TypeScript zinalinda wakati wa kuandika tu. Programu ikianza kutembea, zimekwisha kufutwa. Kama giche inajibu kinyume cha mapatano yake, aina hazitalia. Kwa hiyo wenye hekima wanaongeza programu inayopima jibu lenyewe linapofika.

Pili, kuna hesabu kubwa. JavaScript inashika hesabu kamili bila kosa mpaka 9 007 199 254 740 991. Mapatano yanaweza kuruhusu hesabu kubwa kupita hiyo, na vizalishaji vingi vinaiandika tu kuwa hesabu ya kawaida. Numero ya risiti yenye tarakimu 18 inaweza kubadilika mwishoni bila mutu kuambiwa neno. Numero isiyojumlishwa wala kuzidishwa ni heri iandikwe kuwa maneno.

Tatu, aina haijui kipimo. Tarehe 23 Septemba 1999, chombo cha NASA kilichoitwa Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika kwenye sayari Mars. Mapatano yalidai nguvu ya msukumo ihesabiwe kwa newtoni na sekunde. Programu moja ya duniani ilitoa hesabu kwa kipimo cha ratili cha Kiingereza, na tofauti yake ni mara 4.45 hivi. Hesabu ilikuwa hesabu kweli, na mapatano yalikuwa yameandikwa, lakini chombo kilishuka chini mno kwenye hewa ya sayari. Kwa hiyo mapatano mazuri yanataja kipimo waziwazi, na watu wanapashwa kuyafuata.

7. Nani anaandika mapatano?

Hapa tunafika kwenye neno linalotugusa sisi. Mashini inanakili kwa uaminifu, hata upungufu inaunakili kwa uaminifu.

Tuangalie afya. Katika inchi yetu hesabu za zone za afya zinakusanywa kwa programu DHIS2, inayoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, nayo iko na API. Tuseme mutu anaandika programu ndogo ya kusoma hesabu za surua. Zone moja imeandika 0, maana hakuna mugonjwa. Zone nyingine haijatuma ripoti, maana njia imekatwa na mvua. Hizo si habari moja! Kama mapatano hayatofautishi sifuri na kisanduku kitupu, programu inaweza kuandika 0 kwa zote mbili, na munganga mukubwa atafurahi pahali alipopashwa kutuma chanjo.

Tuangalie tena majina yetu. Tangu mwaka wa 1972, wakati wa siasa ya kurudi kwenye mambo ya asili, Wakongo walichukua postnomu, na prenomu ziliporudi watu wengi wakawa na majina matatu. Mapatano mengi ya ngambo yako na visanduku viwili tu, vyote vya lazima. Mutu mwenye jina na postnomu bila prenomu afanye nini? Programu zote zitakazozalishwa kutoka mapatano yale, katika luga zote, zitamukataa ao zitamulazimisha kujipa jina lisilo lake. Aliyeandika pengine hakuwa na nia mbaya. Hakutujua tu.

Kwa hiyo, wandugu, tusifikiri kwamba kizalishaji kinaondoa kazi ya mutu. Kinaondoa kazi ya kunakili, na hiyo tunaiacha kwa furaha. Kazi inayobaki ni kufikiri mbele: kisanduku hiki kinaweza kuwa kitupu? Kipimo chake ni gani? Nani hataweza kukijaza? Maulizo hayo hayahitaji umeme wala kompyuta, yanahitaji mutu anayejua watu wake. Wale watakaoendelea na informatiki kiisha mutihani wa serikali wayachukue pamoja nao. Na wale wa kalasi za chini wanaweza kuanza leo: muandike kwenye kaye mapatano ya fishi ya mwanafunzi wa shule yetu, visanduku vyote na aina zake, kiisha mumupe mwenzenu atafute mutu ambaye fishi ile haimutoshi. Tunajua atamupata.

Kwa niaba ya kalasi ya mwisho,
Kapita wa wanafunzi